Namna ya Kusoma Maoni ya Mwalimu katika Ripoti ya Mtoto: Mwongozo Kamili wa Mzazi

Shule zinapokaribia kufungwa, mwezi wa sita na mwezi wa kumi na mbili, mwalimu wa darasa huku kwetu Mwanza hubeba nyumbani rundo la fomu za ripoti lililofungwa kwa mpira, pamoja na peni mbili za bluu na moja nyekundu, akakaa mezani baada ya chakula cha usiku. Darasa langu lina watoto 104. Alama zimekwisha kujazwa, nafasi zimepangwa, jumla imehakikiwa mara mbili. Kilichobaki ni ule mstari wa nukta nukta unaosema "Maoni ya mwalimu wa darasa", na mstari huo unanisubiri mara 104. Fomu kumi za mwanzo huandikwa kwa moyo mweupe. Nikifika ya sitini mkono umekufa ganzi, mbu wa ziwani wamekwisha kunimaliza vifundo vya miguu, na hapo ndipo "Aongeze bidii" inapoanza kujiandika yenyewe.

Nalikiri hili mapema ili mzazi ajue anachokishika mkononi. Wazazi wengi hupokea ripoti, hukimbilia nafasi, hupongeza au hugomba, kisha karatasi hupotelea juu ya kabati. Hata hivyo, ule mstari wa nukta nukta ndio mahali pekee katika karatasi nzima ambapo mtu aliyeshinda na mtoto wako muhula mzima anasema alichokiona kwa macho yake. Alama husema mtoto amepata ngapi. Maoni husema kwa nini, ikiwa unajua kuyasoma. Nimeyaandika kwa miaka kumi na saba, na ninao watoto watatu ambao walimu wao nao huniandikia mimi, wengine bila huruma hata kidogo, kwa hiyo haya ninayoyaeleza nimeyaona kutoka pande zote mbili za meza.

Hatua ya 1: Soma karatasi nzima kabla ya kutafuta nafasi

Anza juu, ushuke polepole. Katika shule ya msingi kila somo huhesabiwa kwa alama 50, ambapo A ni 41 hadi 50, B ni 31 hadi 40, C ni 21 hadi 30, D ni 11 hadi 20, na chini ya hapo ni E. Kwa masomo sita ya Darasa la Saba, jumla kamili ni 300. Sekondari huhesabu kwa mia: A huanzia 75, B huanzia 65, C huanzia 45, D huanzia 30, na chini ya 30 ni F. Naliweka jambo hili mbele kwa sababu nimewahi kumkuta baba mmoja amemnunia binti yake wiki nzima kwa kupata 38 ya Hisabati, akidhani ni 38 ya mia, kumbe binti ana B safi na mwalimu alikuwa amemsifu chini ya karatasi, mahali ambapo baba hakufika.

Chini ya alama kuna jedwali la tabia: bidii ya kazi, utii, usafi, ushirikiano, utunzaji wa mali na mengineyo. Watu huliruka wakidhani ni mapambo. Si mapambo. Azimio la Musoma la mwaka 1974, lililopitishwa na chama cha TANU katika mji wa jirani zetu hapo mkoani Mara, ndilo lililosukuma shule zetu ziache kumpima mtoto kwa mtihani peke yake, zitazame pia kazi zake na mwenendo wake. Mwalimu akitoa A tatu na C moja katika jedwali hilo, ile C hakuiweka kwa bahati mbaya. Nafasi iache ya mwisho, kwa kuwa nafasi hukueleza zaidi habari za watoto wa wenzako kuliko za wako: mtoto anaweza kupanda alama ishirini akashuka nafasi tatu, kwa vile tu kuna vichwa vipya vimehamia kutoka shule nyingine.

Hatua ya 2: Tenganisha maoni ya muhuri na maoni ya mtu

Yapo maoni ambayo ni kama muhuri wa mpira: "Vizuri", "Anajitahidi", "Aongeze bidii", "Amefanya vizuri, asibweteke." Kipimo chake ni chepesi. Chukua sentensi hiyo, uipeleke kichwani kwako kwenye ripoti ya mtoto wa jirani. Ikikaa sawasawa bila kubadilishwa neno, basi mwalimu aliiandika akiwa amechoka, na hukuambiwa lolote bado. Usimlaumu, wala usiifanyie tafsiri. Nenda Hatua ya 6.

Maoni ya mtu aliyekaa akafikiri hutambulika kwa kuwa hayahamishiki. Ndani yake kuna kitendo, kitu, saa au somo. Nitatoa mifano kutoka kwenye daftari langu la chumba cha walimu, ambamo kwa miaka mingi tumekuwa tukinakili yale yaliyotuchekesha, bila majina. "Penseli yake hupotea mwanzo wa kipindi na kuonekana kengele inapolia." "Mwandiko wake anausoma yeye mwenyewe, tena si kila siku." "Ana kipaji cha uongozi. Wenzake wote humfuata, hasa anapotoka nje bila ruhusa." "Anajua bei ya dagaa kwa debe na kwa gunia, jedwali la saba bado." Na ule ulioandikwa na mwalimu mwenzangu kuhusu mapacha, Kulwa na Doto, ambao wamekaa dawati moja tangu darasa la kwanza: "Doto hunyoosha mkono, Kulwa hujibu. Naomba mwakani watenganishwe tujue nani anasoma."

Mzazi mwenye hasira ataona dhihaka. Tazama vizuri. Aliyeandika habari ya penseli amekupa mambo mawili yaliyo wazi: mtoto hana shida ya akili, na kazi huwa haianzi. Aliyeandika habari ya dagaa amekuambia kuwa mtoto anaweza hesabu, ila zile zenye fedha na mzani ndani yake, na pengine amekuambia pia mtoto anashinda wapi jioni. Maoni ya namna hii ni zawadi. Mwalimu mwenye watoto 104 hapotezi mzaha kwa mtoto asiyemfahamu.

Hatua ya 3: Fasiri lugha ya staha

Sisi walimu tumelelewa katika lugha ambayo haimwambii mtu mzima uso kwa uso kwamba mwanawe ni mtukutu. Kwa sababu hiyo tumejijengea maneno ya kufunikia, na mzazi asiyejua maneno hayo hufurahia ripoti ambayo ilipaswa kumkosesha usingizi. Hapa sitaficha kitu, hata kama wenzangu watanisema.

Tukiandika "ni mchangamfu sana", maana yake ni kwamba hanyamazi. "Ana uwezo mkubwa wa kujieleza" ni mtoto yuleyule, sasa ameanza na kubishana. "Anapendwa na wenzake" ni sifa ya kweli pale inapofuatwa na jambo jingine jema. Ikisimama peke yake, mtoto ni mchekeshaji wa darasa na kazi zake zimeachwa wazi. "Ni mpole" huwa ina shimo chini yake: ama ni mpole kwa tabia, ama hajasema neno tangu Januari na mwalimu hana hakika kama anasikia, anaona ubaoni, au anaogopa. Neno hili nawaomba wazazi walifuatilie kuliko mengine yote, kwa sababu mtoto mtundu hujitangaza mwenyewe, lakini mpole anaweza kumaliza miaka saba akiwa amekaa nyuma na macho mabovu, pasipo mtu kujua. Niliwahi kuwa na mmoja wa aina hiyo, nikamwandikia "mpole" mihula miwili mfululizo. Ni shangazi yake, alipokuja kumtembelea kutoka Sengerema, aliyegundua kwamba mtoto huinamia sahani ili aone miiba ya samaki wa sato. Alipopimwa akapewa miwani, upole wote uliisha kwa wiki mbili, na mwaka huo nikamwandikia "mchangamfu sana".

"Anahitaji ufuatiliaji wa karibu" maana yake ni kwamba anaaga nyumbani kwamba anakwenda shule, na shuleni hafiki, au anafika akiwa amechelewa vipindi viwili. "Azingatie usafi" husemwa mara ya kwanza kwa sababu ya kola. Ikirudiwa muhula wa pili, mwalimu anauliza kwa adabu kama nyumbani kuna tatizo. "Ana uwezo" bila kitu kingine ni lawama: anaweza na hataki. "Amejitahidi", ikiwa kando yake kuna 12 ya 50, ni huruma tupu. "Darasani yupo" ni maneno mawili tu, na ni makali kuliko ukurasa mzima.

Sasa lipo neno moja dogo ambalo ukilijua umeshika nusu ya kazi: "ila". Sentensi ya mwalimu hupangwa kama uji wa mgonjwa, sukari juu na dawa chini, na mpaka kati ya viwili hivyo ni "ila" au "lakini". "Ni msikivu na ana heshima, ila hamalizi kazi." Mwalimu aliketi kuandika kwamba hamalizi kazi, yale ya mwanzo ni hodi ya mlangoni. Soma kuanzia "ila", elewa, kisha rudi mwanzo ufurahie.

Hatua ya 4: Yapatanishe maoni na mahudhurio

Maoni yakisomwa peke yake hupotosha. Yaweke kando ya idadi ya siku alizohudhuria. Mwaka mmoja niliandika hivi kuhusu kijana wa Darasa la Sita: "Siku anazofika hufanya vizuri kuliko wanaofika kila siku. Tunaomba afike." Mama yake alikuja amekasirika, akasema mtoto huondoka nyumbani saa kumi na mbili asubuhi kila siku ya Mungu, na kwamba yeye mwenyewe humfungia vifungo vya shati. Hatukubishana. Nilitoa daftari la mahudhurio, tukalifungua mezani, nikamwomba atazame mistari badala ya kunitazama mimi. Vile vialama vya utoro havikutawanyika. Vilikuja kwa mafungu, siku kama kumi zimejaa, kisha wiki mbili mtoto yupo kila siku, kisha mafungu tena. Mama alikaa kimya, akaweka kidole kwenye fungu la kwanza, akalihamishia la pili, akasema, "Mwalimu, hii ni giza."

Aliona kwa mara moja kile ambacho mimi, mzaliwa wa mbali na ziwa, sikukiona kwa muhula mzima. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku usio na mwezi; mbalamwezi ikiwaka mitumbwi hupumzika. Zinapofika siku za giza, mialo, yaani fukwe zinakoshushwa samaki, hujaa alfajiri, na mikono midogo ya kuanika dagaa kwenye vichanja hulipwa papo hapo. Mtoto alikuwa akifungwa vifungo vya shati nyumbani na kuvifungua mwaloni. Ripoti ile isingemwambia mama lolote kama asingeyaweka maoni na mahudhurio pamoja. Wewe nawe, ukiona sifa na alama mbovu katika karatasi moja, uliza siku.

Hatua ya 5: Yasome pamoja na mtoto, fimbo ikiwa mbali

Hapa nina deni langu mwenyewe. Miaka ya mwanzo ya kazi, nikiwa kijana na nikijiona hodari wa maneno, nilimwandikia mtoto mmoja: "Akifunga mdomo, daftari litafunguka." Chumba cha walimu kilicheka. Januari mtoto alirudi, akakaa dawati la pili kama kawaida, na muhula mzima hakuzungumza nami, mpaka mwenzake aliponinong'oneza kwamba sentensi ile ilisomwa kwa sauti mbele ya wageni wa Krismasi na kila nukta ikalipiwa kiboko. Maneno yangu yalikuwa kweli, nami nilimpenda yule mtoto. Nilisahau tu kwamba mzaha ukitoka shuleni hauna sauti wala tabasamu, unafika nyumbani ukiwa wino mtupu. Tangu siku hiyo nina kawaida ya kumsomea mtoto maoni yake kabla sijaifunga bahasha. Akicheka, yanakwenda. Akiinamisha kichwa, naandika upya.

Kwa mzazi, utaratibu ni huu. Usifungue ripoti mbele ya watu. Kaa na mtoto mkiwa wawili, mpe yeye asome mstari wa mwalimu kwa sauti, kisha muulize, "Mwalimu alikuwa anaongelea siku gani?" Swali hilo hufanya kazi kuliko "Kwa nini?", kwa sababu mtoto akiulizwa kwa nini hujitetea, ila akiulizwa siku gani husimulia. Utashangaa. Katika simulizi hiyo ndimo utakaposikia kwamba amehamishiwa dawati la nyuma, kwamba wanakaa wanne dawati moja, kwamba kitabu ni kimoja na mwenye kitabu ni mchoyo.

Na ikiwa maoni ni makali, tenganisha kilichoonekana na kilichotabiriwa. Uingereza, mwaka 1949, mwalimu wa shule ya Eton aliandika ripoti ya baiolojia ya kijana aitwaye John Gurdon, aliyekuwa wa mwisho kabisa katika somo hilo. Alisema kijana hasikilizi na hung'ang'ania kufanya kazi kwa njia yake mwenyewe. Akaongeza kwamba wazo lake la kuwa mwanasayansi ni upuuzi. Mwaka 2012 Gurdon alipata Tuzo ya Nobel ya tiba, na ripoti ile alikuwa ameitia kwenye fremu akaiweka ofisini kwake. Watu husimulia kisa hiki ili kumcheka mwalimu. Mimi kama mwalimu nakisoma kwa namna nyingine: sehemu ya kwanza aliiona sawasawa kabisa, maana mtu asiyesikiliza na anayeng'ang'ania njia yake ndiye huyohuyo aliyekuja kugundua mambo. Alikosea pale alipoacha kutazama akaanza kutabiri. Basi maoni ya "hamalizi kazi" yachukue, yafanyie kazi. Ya "huyu hatafika popote" yaache hapo hapo kwenye karatasi.

Hatua ya 6: Nenda shule, uliza maswali matatu

Usiende siku ya kufunga shule, wala siku ya kikao cha wazazi, ambapo watu mia mbili wamejaa chini ya mwembe na mwenyekiti wa kamati anazungumzia madawati. Nenda wiki ya pili baada ya shule kufunguliwa, saa za mapumziko, na ripoti mkononi. Salimia kwanza ofisini kwa mwalimu mkuu, kwa kuwa mgeni anayekwenda moja kwa moja darasani huleta maneno, kisha uombe kuonana na mwalimu wa darasa.

Usianze na "Kwa nini umemwandikia hivi?" Sema, "Nimeyasoma maoni yako, mwalimu, naomba unisaidie kuyaelewa." Kisha uliza: anakaa wapi na anakaa na nani, katika somo gani huwa anachangamka, na kitu gani kimoja nikikifanya nyumbani wewe utakiona darasani. La tatu ndilo lenye uzito. Mwalimu akijibu "msaidie masomo", rudia swali kwa upole mpaka jibu liwe dogo: alale saa tatu, aje na penseli mbili, asome ukurasa mmoja kwa sauti kila jioni. Mwalimu aliyekuandikia "Aongeze bidii" atahangaika kidogo hapo, na ni haki yake ahangaike. Muhula ujao hatakuandikia tena sentensi hiyo, maana sasa anajua kwamba kuna mtu anasoma.

Hatua ya 7: Jaza sehemu yako

Chini kabisa kuna "Maoni ya mzazi au mlezi", na kipande cha kukata na kurudisha chenye sahihi. Wengi huandika "Nimeona." Wengine huandika "Asante kwa kazi nzuri" hata pale mtoto alipopata E nne. Mwingine aliniandikia, "Mwalimu mchape", nami nikamjibu pembeni kwa peni nyekundu, "Mzazi, mnunulie daftari." Wapo watoto wanaojiandikia wenyewe, huwatambua kwa sababu sahihi ya baba huwa imepigiwa rula.

Maoni yenye manufaa huwa na mambo mawili: ulilolifanya na unaloliomba. Mama mmoja muuza samaki pale Mwaloni Kirumba, ambaye husema mwenyewe kwamba shule aliiacha Darasa la Nne, aliandika kwa herufi kubwa zisizolingana: "NIMEMHAMISHIA KULALA CHUMBA CHA BIBI REDIO HAIPO. NAOMBA AKAE MBELE." Nilimhamishia mbele asubuhi ileile.

Hatua ya 8: Tunza karatasi

Nunua faili la plastiki, uweke ripoti zote kwa mfululizo wake tangu darasa la awali. Ripoti moja ni picha ya siku moja. Ukizipanga sita utaona ni neno lipi limerudiwa na walimu watatu wasiojuana, na neno hilo ndilo la kuliamini. Zikinge na mvua, panya na wadogo zake wanaotafuta karatasi ya kuchorea, na usiziuze pamoja na madaftari ya zamani. Mwaka juzi nilinunua karanga za mia mbili stendi ya Buzuruga nikisubiri daladala. Nilipozimaliza nikaikunjua ile karatasi niitupe, nikaona nukta nukta, na juu ya nukta nukta mwandiko wangu mwenyewe, wino wa bluu, tarehe ya mwezi wa kumi na mbili: "Aongeze bidii."